Uzi: Filamu za majaribio na rangi inayotokea machoni mwa mtazamaji

#1 Rangi Saba

Wakuu, habari za jioni.

Jambo hili limenikaa moyoni muda mrefu na mtaani sina wa kuongea naye, ndiyo nimeamua kulileta jukwaani. Tukikaa kuzungumza filamu, tunazungumza kisa: nani kamsaliti nani, nani kafa, imeishaje. Rangi tunaigusa mwishoni, tena kwa kusema tu "picha kali". Mimi nataka tuongelee filamu ambazo rangi ndiyo tukio lenyewe. Hakuna mtu, hakuna nyumba, hakuna kisa. Rangi inakuja, inagongana na nyingine, inaondoka, na wewe uliyekaa gizani unaipokea kwa mwili mzima.

Nianze na Mmarekani Stan Brakhage, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki 2003. Kuna wakati hakuwa na hela ya kununulia mkanda wa filamu. Akaokota nondo, wale wadudu wa usiku wanaokufa kwenye taa, akachukua mabawa yao pamoja na petali za maua na majani, akavibana vyote katikati ya tepu mbili za kuungia filamu, zile za upana wa milimita 16. Kamera hakuigusa. Kitu kile kikaenda maabara kikachapwa kuwa mkanda, na mwaka 1963 ikatoka filamu ya kama dakika nne inayoitwa Mothlight. Haina sauti. Unachokiona ni mwanga uliopenya bawa halisi: kahawia, maji ya kunde, dhahabu iliyofifia, mishipa myeusi ya jani, halafu doa la kijani ambalo limeshapita kabla hujajua umeliona.

Mwaka huohuo akatoa kitabu, na mwanzoni kabisa anauliza: mtoto anayetambaa kwenye nyasi, ambaye bado hajaambiwa kwamba hii ni kijani, pale chini anaona rangi ngapi? Filamu zake nyingi zilizofuata ni kulihangaikia swali hilo. Alikuja kupaka rangi moja kwa moja juu ya mkanda, fremu kwa fremu, yaani picha moja moja ya mkanda. The Dante Quartet ya 1987 ilimchukua miaka sita na inaisha ndani ya dakika kama sita hivi. Alipaka kwenye mikanda ya upana tofautitofauti, hadi ile mipana kabisa ya IMAX, rangi imerundikana mpaka inapasuka kama ukoko.

Kuna kitu alikuwa anakitafuta ambacho kila mmoja wetu anacho. Funga macho sasa hivi, elekeza uso dirishani. Unaona rangi ya damu yako mwenyewe kwenye kope, na juu yake vijidoa vinatembea. Bonyeza kope kidogo kwa kidole, taratibu, yatatokea maumbo. Brakhage alikuwa anasema huko nako ni kuona, na kamera haifiki huko, ndiyo maana mkono ukachukua brashi.

Karibuni tuchangie. Nina mengi ya kuongeza, nitashuka nayo kidogokidogo.

#2 Kisiki

Mkuu Rangi Saba, nimeitafuta hiyo ya nondo nikaitazama kwenye simu. Kwa heshima zote, nimeona takataka zinarukaruka. Mwanangu wa chekechea akipewa rangi za maji anatoa kitu hichohicho. Naomba unieleze kwa nini hii iitwe sanaa na ya mwanangu iitwe kuchafua ukuta.

#3 Rangi Saba

Kisiki, swali zuri na nalijibu kwa hesabu kwanza.

Sekunde moja ya filamu ni fremu 24. Dakika moja ni fremu 1,440. Fremu moja ya mkanda wa milimita 16 ina upana wa milimita kama 10 na urefu wa milimita 7 na ushee, kucha ya kidole chako inaifunika yote. Sasa ikitupwa kwenye skrini ya upana wa mita 4 imekuzwa mara 400. Unywele mmoja wa brashi pale juu unakuwa mnene kama kamba ya nanga. Tone la rangi likikauka vibaya linaacha ufa ambao ukumbini ni mto. Anayepaka hana budi kufikiri kwa ukubwa ambao jicho lake halioni, na kufikiri kwa muda pia, kwa sababu fremu anayoipaka itaishi sehemu moja ya 24 ya sekunde, na kitakachoonekana ni mchanganyiko wake na iliyotangulia na inayofuata. Mara nyingi Brakhage aliagiza maabara irudie kila fremu mara mbili au tatu ili jicho lipate pa kushika. Huo ni utunzi kama utunzi wa ngoma: urefu wa kila pigo umepimwa.

Pili, usiitazame kwenye simu. Hilo nawaachia wenye utaalamu wa video walieleze.

#4 Mhariri wa Usiku

Nadakia hapo, maana hii ndiyo kazi yangu.

Video ya mtandaoni imebanwa kwa ujanja wa aina mbili, na yote miwili inaua filamu za namna hii. Ujanja wa kwanza: mashine haihifadhi kila fremu kamili. Inahifadhi moja, halafu kwa zinazofuata inaandika tu kilichobadilika. Mtu akisoma taarifa ya habari ni mdomo unaobadilika na nyuma yake pametulia, kwa hiyo faili linakuwa dogo. Kwa Brakhage kila fremu ni mpya toka kona hadi kona. Mashine inazidiwa, inaanza kurusha miraba. Mkuu Kisiki, hizo "takataka" ulizoziona, nyingine ni za mtandao kubana video na hazimo kwenye filamu.

Ujanja wa pili hauonekani kirahisi. Kwenye video ya kawaida, taarifa za mwanga na giza huhifadhiwa kwa kila nukta, lakini za rangi huhifadhiwa kwa kila kundi la nukta nne. Yaani robo. Sababu ni kwamba jicho la binadamu ni kali kwenye mwanga kuliko kwenye rangi, kwa hiyo kwa tamthilia hakuna atakayelalamika. Lakini mtu aliyechora uzi mwembamba wa rangi nyekundu juu ya kijani, uzi ule kwenye simu yako unageuka ukungu wa kahawia.

Mwenye uwezo atafute diski. Kuna mkusanyo wa filamu za Brakhage ulitoka 2003 kwenye DVD, na baadaye Blu-ray. Sio mkanda, lakini ni hatua kubwa kutoka kwenye bando la usiku.

#5 Mzee Kaboni

Vijana, mimi nilikuwa mwendesha mashine za sinema mkoani Tanga miaka ya 70. Hizo filamu za nondo sijawahi kuziona, ila habari ya rangi na mwanga ninayo.

Mashine zetu zilikuwa za kaboni. Unaweka vijiti viwili vya kaboni, unapitisha umeme, unavigusanisha na kuvitenganisha, katikati unawaka moto mweupe ambao huruhusiwi kuutazama kwa jicho tupu. Kijiti kinaungua kinafupika, lazima ukisogeze. Ukizembea nafasi ikapanuka, mwanga unabadilika rangi na skrini nzima inabadilika nao. Shujaa alikuwa mweupe sasa ana homa ya manjano. Watu wa chini hawajui kimetokea nini, lakini utasikia ukumbi umeanza kuguna, wanatingishika vitini. Nilijifunza kwamba rangi inamgusa mtu kabla hajajua kuwa imemgusa.

Jingine ni kopi za zamani za Kihindi. Zilikuwa zinazunguka mji hadi mji, joto na unyevu wa pwani juu yake. Baada ya miaka bahari inakuwa ya waridi, miti ya waridi, usiku damu ya mzee. Wateja walizoea. Kuna waliodhani zilipigwa hivyo.

#6 Rangi Saba

Shikamoo Mzee Kaboni. Umeuheshimisha uzi.

Hiyo waridi ina sababu yake. Kuanzia mwaka 1950 Kodak walileta mkanda wa rangi uitwao Eastmancolor, wa bei nafuu kuliko Technicolor, njia ya rangi iliyotangulia, dunia nzima ikahamia huko. Ndani yake kuna tabaka tatu za rangi: sayani (bluu ya kijani), majenta (waridi kali) na manjano. Kwenye kopi za zamani tabaka la sayani ndilo lililokuwa dhaifu, linafifia hata mkanda ukiwa ndani ya kopo gizani, na joto linaharakisha. Sayani ikiondoka, kinachobaki ni wekundu. Kopi za Technicolor zilizochapwa kwa kupigwa muhuri wa rangi, tabaka juu ya tabaka, hazina ugonjwa huo. Unaweza kukuta moja ya miaka ya 40 inawaka kama jana.

Kwa watu wa filamu za majaribio hili lilikuwa pigo. Filamu ya kisa ikigeuka waridi, kisa bado unakifuata. Filamu ambayo ni rangi tupu ikigeuka waridi, imebaki nini?

#7 Mzee Kaboni

Marahaba mwanangu. Basi leo nimejua. Miaka yote tulikuwa tunailaumu mashine.

#8 Dada Miwani

Mimi nafanya kazi kliniki ya macho, nimesoma uzi wote nikitabasamu maana mnaongea mambo ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, bila kuitaja.

Ndani ya jicho kuna seli za koni, milioni kama sita kwa kila jicho, za aina tatu. Aina moja inaitika zaidi kwa mawimbi marefu ya mwanga, nyingine ya kati, nyingine mafupi. Hakuna seli ya njano, hakuna seli ya zambarau. Rangi unayoiona ni ulinganisho ambao neva zinaufanya kati ya majibu ya hizo tatu. Na seli hizi huchoka. Jaribuni: chukua karatasi ya kijani kibichi, itazame bila kuhamisha macho kwa nusu dakika, halafu hamia ukuta mweupe. Utaona umbo lilelile, waridi inayoelea. Ukutani hakuna waridi. Umeitengeneza wewe.

Sasa fikiria filamu inayobadilisha rangi skrini nzima kila sehemu ya sekunde. Kila rangi mpya inaingia juu ya mabaki ya iliyopita. Watu wawili wakihamisha macho kwa namna tofauti, wameona filamu mbili tofauti, na wote wawili wamesema kweli.

#9 Rangi Saba

Dada Miwani, umenisaidia kuliko nilivyotegemea, maana hapo ndipo alipo Paul Sharits.

Huyu, 1943 hadi 1993, aliondoa hata brashi. Filamu zake za miaka ya 60, kama Ray Gun Virus ya 1966 na N:O:T:H:I:N:G ya 1968, zimejaa fremu za rangi moja kavu: nyekundu, kijani, nyeupe, bluu, zinapishana kwa kasi ya kumeta. Alizipangilia kwenye karatasi kwa kalamu za rangi, fremu moja moja, kama mtu anayeandika noti za muziki. Fremu nyekundu ikifuatwa na ya kijani, tena nyekundu, tena kijani, hukai ukaziona mbili. Inazuka ya tatu inayotetemeka, ambayo kwenye mkanda haipo. Baadaye akawa anachukua mikanda yenyewe, anaipanga wima katikati ya vioo vya plastiki na kuitundika ukutani. Hapo unaona kila fremu imetulia mahali pake na unashangaa ile rangi ya tatu ilitoka wapi.

Kwa kweli namkubali kuliko wengi wanaosifiwa zaidi yake. Kuna ukali katika kazi zake, kuna mtu anaumia ndani yake, na rangi inabeba maumivu hayo bila kuyaeleza.

#10 Binti Pangani

Samahanini kaka na dada zangu, mimi ni mgeni humu. Nilisoma mahali kwamba kuna filamu ya nyeusi na nyeupe tu ambayo watu wanatoka wakisema wameona rangi. Ni kweli au ni chumvi?

#11 Dada Miwani

Ni kweli mdogo wangu. Ni The Flicker ya Tony Conrad, ya mwaka 1966, nusu saa. Baada ya maandishi ya mwanzo, ndani yake kuna fremu za aina mbili tu, nyeusi na tupu zinazopitisha mwanga mweupe, zikipishana kwa mipangilio inayobadilika kasi. Watu wameripoti kuona rangi, mizunguko, maumbo kama mikeka.

Jambo lenyewe lilijulikana zamani. Miaka ya 1890 Mwingereza Charles Benham alitoa pia ya kuchezea, nusu nyeusi nusu nyeupe yenye mistari ya upinde. Ukiizungusha, mistari inakuwa na rangi, na ukiizungusha kinyumenyume rangi zinabadilishana nafasi. Maelezo kamili bado wataalamu wanabishania, ila inahusiana na seli na neva za rangi kuitika kwa kasi tofauti.

Lakini naomba nisimame hapa kwa ukali kidogo. Conrad mwenyewe aliweka onyo mwanzoni mwa filamu, na onyo lile lina maana. Mwanga unaometa unaweza kuamsha kifafa kwa wenye tabia hiyo, hata ambaye hajawahi kuanguka maishani. Desemba 1997 kule Japani kipindi kimoja cha katuni kilimetesha nyekundu na bluu kwa sekunde chache, na mamia ya watoto wakapelekwa hospitali. Filamu za Sharits zina hatari hiyohiyo. Mwenye historia ya kifafa nyumbani kwao asizitazame. Wengine mtazame mkiwa mmekaa mbali na skrini, na mtu mwingine awepo.

#12 Rangi Saba

Naunga mkono kila neno la Dada Miwani. Nilipaswa kuliweka onyo hilo kwenye bandiko la kwanza, nitalipandisha juu.

Na wapo wanaotumia rangi kwa furaha tupu, wasiosumbua jicho kwa kumeta. Len Lye, mzaliwa wa Christchurch, New Zealand, mwaka 1935 akiwa London alipaka A Colour Box moja kwa moja kwenye mkanda, chini yake muziki wa dansi wa Kikuba. Aliyelipia ni idara ya posta ya Uingereza, ndiyo maana mwishoni yanaibuka maandishi ya nauli za vifurushi! Mistari inacheza, vidoa vinapiga kiuno, ni dakika chache unabaki unatikisa kichwa. Kwa anayeanza, anzia hapa. Filamu yake ya 1958, Free Radicals, haina rangi, ni mikwaruzo myeupe juu ya weusi, lakini ngoma inayopigwa ndani yake ni ya Wabagirmi wa Chad. Mkwaruzo unafuata ngozi ya ngoma hatua kwa hatua. Nani alipiga ngoma ile? Majina ya wapigaji kwenye historia ya filamu hayatajwi, na mimi jambo hilo linanikera kila ninapoitazama.

Kanada kuna Norman McLaren na Evelyn Lambart, Begone Dull Care ya 1949, na kinanda cha Oscar Peterson. Ujerumani kuna Oskar Fischinger. Hao nitawafungulia uzi wao.

Ila miongoni mwa wa kwanza kupaka mikanda kwa mkono walikuwa wanawake. Paris, mwanzoni mwa karne ya 20, karakana ya Elisabeth Thuillier ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 200, wote wanawake, kila mmoja na rangi yake moja, wakipaka filamu za Mfaransa Georges Méliès fremu kwa fremu kwa brashi nyembamba. Rangi zao zilikuwa za anilini, zinazotokana na lami ya makaa ya mawe. Na sumu ya rangi si hadithi: Brakhage, aliyepaka kwa miaka mingi, mara nyingi kwa vidole vitupu, alikufa kwa saratani ya kibofu na mwenyewe aliamini rangi za lami ya makaa alizozitumia ndizo zilizomletea. Akiwa kitandani mwaka wake wa mwisho aliulowesha mkanda kwa mate na kuukwaruza kwa kucha. Ikawa filamu yake ya mwisho, Chinese Series.

#13 Kisiki

Nimesoma yote na nakiri uzi una nondo za kutosha. Lakini mmeniachia hoja moja. Nimeona inatajwa filamu ya Mwingereza, dakika 79, rangi moja ya bluu mwanzo mwisho, haisogei. Hapo hakuna brashi, hakuna kumeta, hakuna hesabu ya fremu. Hiyo nayo mtaitetea?

#14 Rangi Saba

Hiyo ndiyo nitaitetea kuliko zote.

Inaitwa Blue, ya Derek Jarman, mwaka 1993. Jarman alikuwa na UKIMWI, na maambukizi yaliyofuata yalikuwa yanamla retina. Mtu wa picha, mchoraji, mtengeneza filamu, anapofuka. Angeweza kutengeneza filamu inayomwonyesha mgonjwa kitandani, tukamwonea huruma tukaenda kulala. Alikataa. Alichukua bluu, ile nzito ya mchoraji Mfaransa Yves Klein, akaijaza skrini akaiacha. Juu yake kuna sauti: yake mwenyewe na za waigizaji watatu, Tilda Swinton akiwa mmojawapo, wakisoma alichoandika. Foleni ya hospitali. Matone ya dawa. Orodha ndefu ya madhara ya dawa anayotakiwa kutia saini kabla hajaanza kuitumia. Majina ya marafiki waliotangulia. Ghafla bahari, kengele, hatua za mtu anatembea. Anaeleza kamera ya mtaalamu wa macho inavyommulika, na mwanga ule unavyomwachia machoni bluu ya anga tupu.

Unapokaa mbele yake kuna kinachokupata. Dakika za mwanzo unaitazama bluu. Baadaye unaanza kuitafuta, maana inaanza kukimbia. Inapauka, inarudi, pembeni mwa skrini unazuka mstari wa chungwa ukihamisha macho. Kisha unagundua unaona vitu: ile foleni, ule ufuo, sura za watu usiowajua. Picha umezileta wewe. Kwa saa moja na zaidi umekaa mahali alipokaa yeye, una macho na hakuna cha kutazama, na rangi ndiyo imekubeba.

Septemba 1993 ilirushwa kwa pamoja na televisheni ya Channel 4 na redio ya BBC, Radio 3. Wasikilizaji wa redio waliweza kuagiza kadi ya bluu ya kuitazama wakati wanasikiliza. Jarman alifariki Februari 1994, ana miaka 52.

Kisiki, dakika 79 za rangi moja ni nyingi. Zilitakiwa ziwe nyingi.

#15 Dada Miwani

Niongeze kitu kimoja kwenye hiyo bluu. Koni zinazoitika kwa bluu ni chache kuliko zote, hazifiki hata moja katika kumi, na katikati kabisa ya retina, pale unapoelekeza macho ukitaka kuona kwa makini, hazipo kabisa. Kila mtu ana kidoa kidogo kisichoiona bluu katikati ya macho yake, na ubongo unakiziba kwa kukopa pembeni. Kwa hiyo ukiikodolea bluu, unaikodolea kwa sehemu ya jicho isiyoijua.

Na kuhusu kupauka: jicho likipewa uwanja wa rangi moja usio na mipaka, baada ya dakika chache rangi inakufa, unaona kijivu. Jicho linahitaji tofauti ili lione. Ukumbini bluu haifi kabisa kwa sababu skrini ina kingo na macho hayatulii.

Wagonjwa wangu wa retina huwa wananiambia wanaona rangi ambazo hazipo. Wengine wanaogopa kusema, wakidhani wataitwa wamechanganyikiwa. Nimeandika jina la filamu hiyo pembeni.

#16 Mzee Kaboni

Hiyo ya bluu ningependa kuiendesha kwa mkanda. Mkanda usio na picha unaonyesha kila kitu chake. Vumbi litaonekana, mkwaruzo utaonekana, kila ikirudiwa unaongezeka. Bluu ya siku ya kwanza na bluu ya mwezi wa pili hazitakuwa moja.

#17 Kisiki

Mzee, hilo la vumbi limenifanya nielewe zaidi ya maelezo yote. Nitaitafuta. Bado ya nondo sijaikubali.

#18 Binti Pangani

Mimi nataka kujaribu kupaka mkanda. Bila kamera, bila hela. Naanzia wapi?

#19 Rangi Saba

Mdogo wangu, nafurahi sana. Utahitaji kipande cha mkanda wa zamani, wa milimita 35 ni rahisi zaidi kwa mkono unaoanza. Sekunde moja ni sentimita kama 46, kwa hiyo mita tano ni sekunde kumi na moja hivi za kazi yako.

Mkanda una pande mbili: upande unaong'aa ni plastiki, upande uliofifia ndio wenye utando wa picha. Ukitaka kuutoa utando, loweka kwenye jiki, sugua taratibu, suuza kwa maji mengi, anika. Vaa glavu, fanyia nje penye hewa, na jiki usiichanganye na siki wala dawa yoyote ya chooni, inatoa gesi mbaya. Juu ya plastiki tupu rangi ya maji haishiki, inajikusanya matonetone. Tumia maka peni zisizofutika, au rangi za kucha. Ukiacha utando kidogo, wino wa maji unanywewa na unatoka laini kabisa, maana utando ule ni jelatini. Ukiukwaruza mkanda mweusi kwa sindano kidogokidogo, mara nyingi unapita kwanza rangi za manjano na kijani kabla ya kufika nyeupe. Cheza na kina hicho.

Huna projekta? Weka mkanda juu ya karatasi nyeupe ya kupenyeza mwanga, mulika kwa chini kwa tochi, piga picha fremu moja moja kwa simu, unganisha kwenye programu ya video. Mhariri wa Usiku atakusaidia hapo.

#20 Mhariri wa Usiku

Nitamsaidia. Ila mkuu, neno la jiki limenishtua. Mikanda ya zamani nchi hii imebaki michache na hakuna anayejua kopo lipi lina nini. Kabla mtu hajalowesha, ajue analolowesha. Kopi iliyogeuka waridi inaweza kuwa ndiyo ya mwisho, na siku hizi rangi iliyofifia inaweza kurekebishwa kwa kompyuta kwa kiasi kikubwa.

#21 Rangi Saba

Kweli kabisa na nakubaliana nawe. Binti Pangani, usiguse filamu. Tafuta matangazo ya biashara, au ule mkanda mtupu wa mwanzo na mwisho wa rili ambao hauna picha.

#22 Mzee Kaboni

Huo mtupu ninao. Tulikuwa tunaukata tukikarabati mikanda, nikawa naweka kwenye kopo nikijua ipo siku utahitajika. Mweusi upo, mweupe upo. Mwingine umeanza kunuka siki, huo sitampa mtoto wa watu, plastiki yake imeshaoza. Uliobaki ni mzima. Na kopo la waridi ninalo moja, jina limefutika. Hilo, Mhariri, njoo tulifungue pamoja tuone ni nini.

Binti, niandikie faragha uniambie uko wapi. Kuna basi la Pangani linalopita karibu na kwangu.